Namheshimu sana mwalimu wetu wa redioni ila kwenye hii vita ya Ukraine naona anatupoteza, wana kusini mnasemaje?

Mkaa Mikindani

Wakuu habari za jumapili. Wale wa Mtwara na Lindi mnamjua nnaemsema bila hata kumtaja jina, mwalimu mstaafu anaechambua mambo ya dunia redioni usiku. Alinifundisha historia sekondari na mpaka kesho nikikutana nae sokoni napiga shikamoo kabla sijaweka mfuko chini. Akiongelea korosho, gesi, bandari yetu, mi sina la kuongeza, yule mzee kichwa. Ila kila akigusa Urusi na Ukraine nabaki naongea na redio peke yangu mpaka mke wangu ananishangaa.

Kwa ninavyomfuatilia ana hoja tatu anazizungusha kila wiki. Anasema NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, walimsogelea mrusi mpaka mlangoni ulitaka afanyeje, anasema Ukraine sio nchi hasa maana kihistoria ile ni Urusi tu, halafu anamalizia kwamba sisi waafrika tuna deni la ukombozi kwa mrusi kwaiyo hatuna mdomo wa kumsema.

La NATO tutabishana, lina mashiko yake. Mi linaloniumiza ni la pili, sababu linatoka kwa mtu wa kusini, mwalimu wa historia, anaejua Kionga ni nini. Kwa wasiojua, vuka mdomo wa Ruvuma pale chini ya Msimbati, kile kipande cha ng'ambo ndo Kionga. Mjerumani alikichukua 1894 akakiunganisha na koloni lake, yaani hii hii Tanganyika yetu, mreno akakikwapua 1916 wakati wa vita kuu ya kwanza, na 1919 kwenye mkataba wa Versailles wakubwa wakampa mreno moja kwa moja, hakuna mmakonde hata mmoja alieulizwa. Sasa kama "kihistoria ilikuwa yetu" ni sababu ya kupeleka vifaru basi na sisi twende Kionga kesho asubuhi, na Msumbiji nao waje Newala na Tandahimba waseme wamakonde wote ni ndugu zao, tutaishia wapi?

Na hili sio la kwangu, wazee walishalimaliza. Julai 1964 pale Cairo nchi za OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa wakati ule) zilikubaliana kila mmoja aheshimu mipaka iliyokuwepo siku anapata uhuru, na aliesukuma lile azimio ni Nyerere mwenyewe. Hawakuipenda ile mipaka, walijua tu wakianza kuifukua hakuna atakaelala. Balozi wa Kenya Martin Kimani aliwakumbusha hilo hilo kwenye Baraza la Usalama tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla vita haijaanza, na siku ile ile Putin alikuwa kwenye tv yake anasema Ukraine imetengenezwa na Lenin na Wabolsheviki. Hebu sikilizeni hizo hotuba mbili halafu mniambie mwafrika anatakiwa akae upande gani.

Ukraine walipiga kura ya uhuru Desemba 1991 zaidi ya asilimia 90 wakasema ndio, hata Crimea yenyewe, ile rasi yao ya kusini, ilipita nusu. Urusi ikawatambua. 1994 pale Budapest wakakabidhi silaha za nyuklia walizoachiwa na Usovieti, na Urusi, Marekani na Uingereza wakasaini kwamba wataiheshimu mipaka yao. Miaka ishirini tu mbele Crimea ikachukuliwa.

Nataka nimpigie kwenye kipindi nimuulize hili kwa adabu zote, ila kabla sijajiaibisha mbele ya mkoa mzima nawaomba mnikosoe hapa kwanza. Nawasilisha.

Fundi Saa Ligula

We mwalimu kakufundisha kusoma leo unataka kumfundisha vita. Haya bwana, piga simu tukusikie.

Kitangari Damu

Mleta mada umeandika vizuri ila umeruka kwa makusudi kipande kinachokukwaza. Hilo la NATO mbona umelipita mbio mbio? Februari 1990 waziri wa mambo ya nje wa Marekani James Baker alimwambia Gorbachev kwamba NATO haitasogea hata inchi moja kwenda mashariki. Sawa haikuandikwa mkataba, lakini ilitamkwa. Kilichofuata 1999 wameingia Poland, Hungary na Czech, 2004 wakaingia saba kwa mpigo, na mwaka 2008 kwenye mkutano wa Bucharest wakatangaza hadharani kwamba Ukraine na Georgia nazo zitakuwa wanachama. Mzee akisema mrusi kasogelewa anadanganya nini hapo??

Halafu hao wanaolia mipaka mipaka ndo hao hao waliopiga Serbia 1999 bila kibali cha Baraza la Usalama, wakaingia Iraq 2003 kutafuta silaha ambazo hazikuwepo, na 2011 wakaenda Libya kwa jina la kulinda raia wakaiacha nchi vipande vipande, na AU walivyotaka wapewe nafasi ya kusuluhisha hakuna aliewasikiliza. Leo hao wakuambie sheria ya kimataifa? Na mwishoni mwa Februari 2022 si tuliona wanafunzi wetu waafrika wanasukumwa nyuma mpakani wakikimbilia Poland, wazungu wanapanda treni wao wanaambiwa subiri, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko. Mi siwezi kumlilia mtu ambae kwenye janga anachagua rangi.

Mzee anasema yale ambayo redio za magharibi hazisemi ndo maana tunampenda.

Bint Shangani

Kitangari Damu kaka yangu hayo yote uliyoyasema ni kweli na hakuna hata moja linalojibu swali la Mkaa Mikindani. Kaulizia kama historia inampa mtu haki ya kuchukua nchi ya mwenzie, wewe umejibu kwamba Marekani ni mnafiki. Marekani ni mnafiki, tumekubali, tuendelee. Kuvamia Iraq kulikuwa kosa, sasa mbona kosa hilo hilo akifanya mwingine tunalipigia makofi?

Mi tatizo langu na mwalimu liko pengine. Wiki ile alisema Tanzania "imesimama na Urusi" kule Umoja wa Mataifa. Sio kweli na yeye anajua. Kura ya tarehe 2 Machi 2022 nchi 141 zililaani uvamizi, tano zikapinga lile azimio, ambazo ni Urusi yenyewe, Belarus, Korea Kaskazini, Syria na Eritrea, na nchi 35 zikajizuia, sisi tukiwa humo pamoja na Msumbiji na Uganda. Kujizuia kupiga kura sio kusimama na mtu. Ni siasa yetu ya zamani ya kutofungamana na upande wowote, unaweza kuipenda au usiipende, lakini usiigeuze ikawa jezi ya timu. Vijana wanamsikiliza mzee, akisema nchi yetu ipo na mrusi wanajua ndo hivyo.

Na kuna kijana wa kitanzania alienda kusoma Moscow akaishia jela, akaambiwa akienda vitani na Wagner, lile kundi la mamluki wa kirusi, atasamehewa, akafia huko Ukraine Oktoba 2022. Januari 2023 waziri wetu wa mambo ya nje wakati ule, Dk. Stergomena Tax, ndo alilieleza taifa. Nilimsubiri mwalimu alizungumzie juma lile. Akazungumzia bei ya ngano.

Pampu ya Salfa

Nyie bishaneni, mi nachokumbuka 2022 petroli ilipita elfu tatu kwa lita na ile pampu ya kupulizia mikorosho inakunywa petroli, sio uji. Kupuliza haisubiri Putin apatane na mtu, maua yakitoka na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, unashuka. Serikali ilitoa ruzuku ya bilioni mia kwa mwezi kwenye mafuta kuanzia Juni ile nashukuru, ila huku Tandahimba tulilipa vita ambayo hata kwenye ramani sikuwa naijua iko wapi. Kwaiyo alieianza namlaumu. Na alieianza ni yule alievuka mpaka, hapo sihitaji mchambuzi.

Kitangari Damu

@Bint Shangani dada angu sijapiga makofi, nimesema chanzo. Kueleza chanzo sio kutetea. Mzee anaeleza chanzo.

@Mkaa Mikindani na hilo azimio lako la Cairo, sisi wenyewe tunaliheshimu? Ziwa Nyasa je? Mkataba wa mwingereza na mjerumani wa 1890 Malawi wanausoma kwamba mpaka uko ufukweni kwetu, yaani ziwa lote la kwao. Sisi tunasema mpaka upite katikati ya maji. Sasa nani hapo anang'ang'ania mpaka wa mkoloni na nani anaukataa? Na 1979 hatukuishia kumtoa Amin kwenye ardhi yetu, tulivuka tukaenda mpaka Kampala. Wapo viongozi wa Afrika waliotulaumu kwa hilo hilo la kuingilia nchi ya mwenzio. Msijifanye sisi ni malaika.

Mkaa Mikindani

Hapa sasa ndo nilikuwa napataka, asante mkuu.

Nianze na Kagera. Amin aliingia mwishoni mwa 1978 akatangaza kabisa kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera sasa ni ya Uganda, na sababu yake ilikuwa nini? Kwamba mpaka wa mkoloni umekaa vibaya, ile ardhi inatakiwa iwe yao. Yani hoja ya mwalimu wetu kuhusu Ukraine ndo hoja ya Amin kuhusu Kagera, neno kwa neno. Tukapigana, tukafika Kampala Aprili 1979, Amin akakimbia. Ulaumu kama unataka kwamba tulikaa muda mrefu au tulipanga nani atawale, hayo yanazungumzika. Ila niambie ni kijiji gani cha Uganda kilikuwa cha Tanzania vita ilivyoisha? Hakuna. Septemba 2022 Urusi imetangaza mikoa minne ya Ukraine kuwa mali yake, Donetsk, Luhansk, Zaporizhzhia na Kherson, na mingine hata hawakuwa wameishika yote.

Ziwa Nyasa umenibana kidogo nakiri swali ni zuri, ila angalia tunavyobishana. Lilipelekwa kwa marais wastaafu wa SADC, Chissano wa Msumbiji akiwa mwenyekiti wao, wakakaa wee hawakumaliza, na mpaka leo mvuvi wa Mbamba Bay anatupa nyavu na mmalawi anatupa za kwake. Bishana miaka mia mezani mi sina shida na wewe. Shida ni kifaru.

Na kuhusu kueleza chanzo sio kutetea: mzee angekuwa anaeleza chanzo angemnukuu mwenye vita. Julai 2021 Putin aliandika makala ndefu kwamba warusi na waukraine ni watu wamoja. Kaandika mwenyewe na jina lake. Mtu anakwambia sababu yake kwa mdomo wake halafu wewe unamtafutia sababu nyingine nzuri zaidi, hapo umeshaacha uchambuzi umekuwa wakili.

Babu wa Nachingwea

Wanangu nawasoma. Mimi nina miaka yangu, na hilo la deni la ukombozi naona mmelikwepa wote, labda kwa sababu hamkuliona.

Mimi nimeliona. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa hapa kwetu Nachingwea, kambi yao kuu ya mafunzo, na Samora Machel akiwa kamanda. Sisi watoto tulikatazwa kusogea upande ule, lakini mtoto ukimkataza ndo umemuonesha njia. Tulikuwa tunakaa kwenye mikorosho tunahesabu malori yanayopita yamefunikwa turubai, na taa za mbele wamezipaka rangi imebaki alama nyembamba ya mwanga. Wakija majeruhi walikuwa wanapelekwa Mtwara kwenye hospitali yao wenyewe FRELIMO. Tuliwaona na wakufunzi wa kichina, hao ndo walikuwa wengi machoni kwetu, halafu silaha nyingine zikawa zinatoka Usovieti, na zile kubwa za mwishoni zilizomtesa mreno zilikuwa za Msovieti. Kwa hiyo mwalimu hasemi uongo, msaada ulikuja na sisi hatusahau. Mwaka 1975 Samora alivyoondoka kuvuka Ruvuma kuelekea Maputo mji mzima ulikuwa barabarani.

Lakini nisaidieni hesabu moja. Wale vijana waliochaguliwa kwenda mafunzo ya nje walipelekwa wapi? Kituo kikubwa cha wapigania uhuru wa Afrika kilikuwa Perevalnoye, karibu na Simferopol, huko huko Crimea, walipita FRELIMO, walipita PAIGC wa Amilcar Cabral wa Guinea-Bissau, walipita na ANC wa Afrika Kusini. Vijana wa ANC wengine walifundishwa Odessa. Crimea ilikuwa imeshahamishiwa Jamhuri ya Ukraine tangu 1954, na Odessa ndiyo usiseme. Sasa hilo deni unamlipaje mmoja wa watoto wa marehemu halafu unamsaidia kumpora ndugu yake? Deni letu ni la Usovieti, na Usovieti ilikuwa jamhuri kumi na tano.

Mwalimu ni rafiki yangu, tulikuwa naye jeshini, JKT. Nilimwambia haya kwa simu. Akaniambia "wewe umeanza kuzeeka".

Fundi Saa Ligula

😂😂 Babu shikamoo. Hiyo ya umeanza kuzeeka nimecheka mpaka mteja kauliza saa yake imefanya nini.

Mdau wa Kilambo

Mimi niko huku kwenye pantoni ya mto, niseme moja tu sababu mmemtaja Wagner. Hawa watu mzee anawaita wakombozi wapya wa Afrika. Septemba 2019 walikuja hapo ng'ambo Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kupigana na wale magaidi walioanza Mocímboa da Praia 2017. Walipoteza watu porini, wakafungasha ndani ya miezi michache. Oktoba 2020 wale wale magaidi wakavuka wakaja kuua watu kijijini Kitaya, huku kwetu. Waliokuja kutuliza kidogo ni Wanyarwanda kuanzia Julai 2021 na majeshi ya SADC, na vijana wetu wa JWTZ walikuwemo. Sasa mtu wa Mtwara kusikia vita ya nje anafikiria Ulaya, mi naisikia vita ya nje nikiwa nimelala. Mwalimu angetumia nusu ya muda wa Donetsk kuongelea Palma, mji wa huko huko Cabo Delgado, tungemshukuru.

Kitangari Damu

Babu shikamoo, hiyo ya Crimea sikuwa naijua kabisa na sitaibishia.

Mdau wa Kilambo hapo nakuunga mkono mia kwa mia.

Ila Mkaa Mikindani usidhani umenimaliza, mi kwenye NATO sitoki. Marekani yenyewe 1962 si ilikuwa tayari kuiunguza dunia kisa makombora ya Msovieti yapo Cuba? Kwanini mrusi avumilie kitu ambacho mmarekani hakukivumilia? Ukipiga simu mzee atakuuliza hilo na utakaa kimya hewani.

Bint Shangani

Cuba makombora yalikuwa yameshafika kweli. Na yalitolewa kwa mazungumzo, Kennedy na Khrushchev, mmarekani nae akaahidi hataivamia Cuba na akatoa ya kwake Uturuki kimya kimya. Huo mfano unamsaidia Mkaa sio wewe.

Mkaa usiende na maswali kumi, mzee anajua kuchagua rahisi analijibu hilo dakika tano halafu muda umeisha. Nenda na moja. Na uanze na salamu ndefu anazipenda.

Mkaa Mikindani

Nimeliandika hivi mniangalizie:

"Shikamoo mwalimu, mimi mwanafunzi wako wa zamani napiga kutoka Mikindani. Mwalimu unasema sababu ya vita ni NATO kufika mpakani kwa Urusi. Aprili 2023 Finland imeingia NATO, na ina mpaka na Urusi zaidi ya kilomita elfu moja na mia tatu, mrefu kuliko wa nchi zote za NATO zilizokuwepo kabla yake. Mbona Urusi haikuivamia Finland?"

Nikate simu hapo au nisubiri?

Kitangari Damu

Subiri. Atakujibu Finland sio Ukraine, Ukraine ni damu moja na Urusi, Finland hawajawahi kuwa wa Urusi.

Mkaa Mikindani

Finland ilikuwa chini ya Tsar, mfalme wa Urusi, tangu 1809 mpaka 1917 mkuu.

Kitangari Damu

Duh. Sawa, ila hilo usilitaje mwanzoni, mwache aseme kwanza. Na mi nikipata laini nitapiga baada yako kumuokoa.

Fundi Saa Ligula

Nani ana vocha ya kunirushia? Nataka kupiga wa tatu.